Ramani za maji Singida: Kompyuta inapoulazimisha kila mto ufike baharini

MVUA inayonyesha Sepuka haifiki baharini. Maji yanayotiririka kutoka kwenye mashamba ya alizeti, mtama na uwele ya tarafa hiyo ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, huteremka upande wa magharibi kupitia makorongo ambayo kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Huingia katika mbuga tambarare za Wembere, kisha husogea polepole kuelekea kaskazini hadi Ziwa Kitangiri. Kutoka hapo Mto Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi, na safari huishia hapo. Jua huyakausha, nayo huacha chumvi na magadi.

Jambo hilo wenyeji wa Sepuka hawahitaji kuelezwa na mtu. Lakini kwa programu ya kompyuta inayochora ramani za mabonde ya maji ni kitendawili, kwa kuwa kanuni iliyozoeleka katika kazi hiyo huchukulia kwamba kila tone la mvua lina njia ya kulifikisha baharini. Na kwa vile ramani za aina hiyo zinazidi kutegemewa katika kupanga palimwe wapi, pachimbwe kisima wapi na nani apewe kibali cha maji, kosa linaloonekana dogo katika ofisi ya mtaalamu linaweza kumgharimu mtu shamba lake.

Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 ya maji. Marekebisho ya mwaka 1981 ya Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974 ndiyo yaliyofungua njia ya maji kusimamiwa kwa mabonde badala ya mikoa, na ofisi ya kwanza ya bonde, ile ya Pangani, ikaanzishwa mwaka 1991, ikifuatiwa na ya Rufiji mwaka 1993. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 ziliuimarisha mfumo huo. Kila bonde lina bodi yake, na anayetaka kutumia maji kwa umwagiliaji, kiwanda au mgodi anapaswa kuomba kibali kwa bodi husika. Mpaka wa mkoa au wilaya hauna nguvu hapa; kinachoangaliwa ni maji yanaelekea wapi.

Kwa Pangani au Rufiji ni rahisi kulieleza hilo. Kuna mto mkuu, kuna matawi yake, na kuna mdomo wake baharini. Bonde la Kati, ambalo makao makuu ya bodi yake yako Singida mjini, halina mto mkuu. Ni jina la jumla lililopewa mkusanyiko wa mabonde makubwa na madogo ambayo sifa yao ya pamoja ni kutokuwa na mahali pa kutokea: Eyasi, Manyara, Natron, Balangida, mbuga za Bahi ambako Mto Bubu hupotelea, na maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo kando ya mji wa Singida. Yakijumlishwa, yanachukua eneo la zaidi ya kilomita za mraba 140,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Malawi.

Wala Mkoa wa Singida wenyewe hauko wote ndani ya bonde hilo. Kusini, katika Wilaya ya Manyoni, Mto Kisigo huelekea mashariki na kuungana na Ruaha Mkuu huko Mtera, hivyo mvua ya upande huo husaidia kuendesha mitambo ya umeme kabla ya kufika Bahari ya Hindi kwa njia ya Rufiji. Kusini-magharibi, Mto Rungwa huenda Ziwa Rukwa, ambalo nalo halina njia ya kutokea. Ukivuka mpaka kuingia Tabora, maji ya Ugalla huingia Malagarasi, yakaenda Ziwa Tanganyika, na kutoka huko yakaufuata Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Kaskazini zaidi, ng'ambo ya Shinyanga, mvua ni ya Ziwa Victoria na Mto Nile. Ni sehemu chache za Afrika ambako mvua ya wingu moja inaweza kugawanyika namna hiyo, na migongo inayoyagawa maji hayo si milima. Ni ardhi tambarare yenye vichaka ambayo msafiri anaweza kuivuka bila kuhisi kwamba amepanda wala kushuka.

Hapo ndipo ugumu wa kuichora unapoanzia.

Zamani ramani ya bonde ilitokana na miguu. Clement Gillman, aliyefika mwaka 1905 kama mhandisi wa reli wakati wa utawala wa Wajerumani na baadaye akawa mshauri wa maji wa Serikali ya Tanganyika chini ya Waingereza, aliitembelea sehemu kubwa ya nchi akiandika alichokiona. Ramani yake ya mwaka 1936 ya makazi ya watu ilionyesha jinsi wananchi walivyojikusanya penye maji na kuacha maeneo makubwa ya katikati ya nchi yakiwa matupu. Baada yake zikaja karatasi za ramani za vipimo vya 1:50,000 zilizotokana na picha zilizopigwa kwa ndege, ambazo ofisi nyingi za wilaya zilizitegemea kwa miongo kadhaa.

Mabadiliko makubwa yalitokea Februari 2000. Chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada, antena yake moja ikiwa ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, na kupima mwinuko wa karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Takwimu hizo zilipotolewa bure kwa umma, Afrika kwanza iliziona kwa vipande vya mraba vya takriban mita 90 kila upande. Tangu mwaka 2014 zinapatikana kwa vipande vya mita 30. Juu ya msingi huo Mfuko wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, WWF, kwa kushirikiana na taasisi ya jiolojia ya Marekani, ulitengeneza HydroSHEDS, ramani ya mito na mabonde ya karibu dunia nzima. Leo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchora bonde la mto alilozaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Namna kompyuta inavyofanya kazi hiyo si siri. Ardhi hugawanywa katika miraba midogo, kila mmoja ukiwa na namba ya mwinuko wake. Kila mraba una majirani wanane, na kompyuta huyaelekeza maji kwa jirani ambaye mteremko wa kumfikia ni mkali kuliko mwingine. Ikirudia hivyo mamilioni ya mara, mito hujichora yenyewe. Tatizo huja pale mraba unapokuwa chini kuliko majirani wake wote wanane. Maji hayana pa kwenda, na hesabu inakwama.

Watunzi wa programu waliona kwamba mashimo mengi ya aina hiyo ni makosa tu ya vipimo, wakatunga kanuni ya kuyaziba. Kompyuta hulijaza shimo hadi maji yafurike upande ulio chini zaidi, kisha safari inaendelea. Katika nchi zenye mito inayokwenda baharini, kanuni hiyo inafaa kabisa. Ikiletwa Singida bila kusahihishwa, hulijaza Ziwa Singidani kana kwamba ni kosa, hulijaza Kindai, na ikiachiwa huijaza hata Eyasi mpaka ipate ukingo wa kumwagia, na mto usiokuwepo ukachorwa kuyapeleka maji mahali ambapo hayajawahi kufika. Waandaaji wa HydroSHEDS walilijua hilo, wakalazimika kuyatambua mabonde yasiyo na njia ya kutokea na kuyawekea alama ili programu isiyazibe. Kazi hiyo ilihitaji jicho la mtu. Bonde kubwa kama la Eyasi haliwezi kumpita mtaalamu yeyote. Dimbwi la ng'ombe lililo nyuma ya kijiji, ambalo ndilo kila kitu kwa wenye mifugo ifikapo Septemba, linaweza kumpita kwa urahisi.

Lipo na la pili, ambalo halizungumzwi sana. Rada ile ya mwaka 2000 haikuiona ardhi penye miti mingi; iliona sehemu za juu za miti. Katika Mkoa wa Singida kuna vichaka maarufu vya Itigi, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu hupita kwa taabu. Kwenye ramani, ukingo wa kichaka cha namna hiyo huonekana kama ngazi ya mita kadhaa. Pale ambapo mgongo halisi wa kuyagawa maji haujainuka kwa zaidi ya mita hizo, kompyuta inaweza kuuhamisha mpaka wa bonde kutoka kwenye ardhi na kuuweka kwenye miti. Zimekwishatoka takwimu mpya zaidi, zikiwamo zilizopimwa na setilaiti za Ujerumani katika muongo wa 2010, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa toleo lililojaribu kuipunguza miti na majengo kwa hesabu. Ni hatua njema. Hata hivyo, kuipunguza miti kwa hesabu ni kukisia, na kwa tambarare kama Wembere makisio ya mita moja ni makubwa mno.

Tofauti inaonekana wazi ukilinganisha na milimani. Usiku wa kuamkia Desemba 3, mwaka 2023, sehemu ya Mlima Hanang, katika mkoa jirani wa Manyara, iliporomoka baada ya mvua kubwa, na tope, mawe na magogo yakateremka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia. Mlima huo wenye mita zaidi ya 3,400 uko ndani ya Bonde la Kati, na maji yake huishia katika mabwawa ya chumvi ya Balangida. Katika mteremko kama ule, ramani za kidijitali haziyumbi: makorongo yanayoshuka kuelekea kwenye makazi huonekana bila utata hata kwa miraba ile mikubwa ya mita 90. Ramani hizo haziwezi kusema mlima utakatika lini, lakini njia ambazo tope lingefuata likija zilikuwa wazi kwa yeyote aliyezifungua. Katika suala la Hanang, basi, la kuulizwa ni kama ramani hiyo ilikwisha kufika katika ofisi ya kijiji.

Wembere ni kinyume chake. Huko ramani ya kompyuta inaweza kufika ofisini ikiwa na makosa, na ikaaminiwa.

Chukua kanuni ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayeufahamu Mto Msimbazi, kanuni hiyo inaeleweka, ingawa utekelezaji wake umekuwa na machozi mengi. Mita 60 ni miraba 2 tu ya ramani bora ya bure iliyopo, na haijazi hata mraba mmoja wa ile ya zamani. Kuipima kwa ramani ya namna hiyo ni sawa na kupima unga kwa mizani ya pamba.

Na hata mizani ingekuwa sahihi, ukingo wenyewe uko wapi? Wembere si mto wa kawaida. Mwezi Machi, mvua zikiwa zimekolea, ni ardhi oevu pana yenye maji, nyasi na ndege. Septemba ni udongo mweusi uliopasuka, wenye mkondo mwembamba au usio na mkondo kabisa. Ukingo huhama kwa kilomita nyingi ndani ya mwaka mmoja. Mkulima hulima mpunga kwa kuyafuata maji yanapopanda, na mfugaji huingiza ng'ombe kwa kuyafuata yanapopungua. Wote wawili wanatumia ardhi ileile kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo ramani yao. Mchoraji akiuweka mstari wa mto mahali ulipo Septemba, mpunga wote ni halali. Akiuweka mahali ulipo Machi, mkulima amevamia chanzo cha maji. Akiuweka katikati, kama kompyuta inavyopenda kufanya, hakuna hata mmoja atakayeutambua.

Hili si suala la kinadharia katika ukanda ambao wakulima wa Kinyaturu na wafugaji, wakiwamo Wasukuma waliohamia na mifugo yao kutoka kaskazini, wanagawana malisho, mashamba na maji katika ardhi hiyohiyo. Mstari uliochorwa vibaya haubaki kwenye karatasi. Unampa upande mmoja hoja mbele ya baraza la ardhi na kuunyima mwingine.

Yapo na makubwa zaidi yanayotazamwa kwa jicho la ramani hizo. Wazo la kuigeuza Wembere kuwa ghala la umwagiliaji si geni. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walifikiria kuyachota maji ya Ziwa Victoria, ambalo liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kuyateremsha hadi katika mbuga hizo zilizo chini zaidi ili kumwagilia pamba. Vita viliuzima mpango huo. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zikawekeana mkataba uliozuia kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile na maziwa yake bila ridhaa ya Misri, na Tanganyika ikatangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi nao.

Kilichofuata wengi wanakikumbuka. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yalizinduliwa Kahama na Shinyanga kwa bomba, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 yakafika Nzega, Igunga na Tabora. Igunga iko katika eneo ambalo maji yake huelekea Manonga na Wembere. Kwa maneno mengine, maji yaliyokuwa yaende Misri sasa yanavuka mgongo unaoyagawa mabonde, yananywewa na watu wa Bonde la Kati, na mabaki yake yanaweza kuishia Eyasi. Hakuna ramani ya kompyuta inayoweza kukisia safari hiyo kutokana na mwinuko wa ardhi, kwa kuwa bomba halifuati mteremko. Linafuata uamuzi wa serikali. Wembere yenyewe nayo imeendelea kutajwa katika mipango ya umwagiliaji. Kabla hajajengwa bwawa lolote, lazima ijulikane maji kiasi gani yanaingia, yanatoka upande gani na yanakauka kiasi gani. Hesabu hiyo inahitaji vipimo vya mto wenyewe, na vituo vingi vya kupimia kina cha mito nchini viliharibika au kuachwa kuanzia miaka ya 1980. Setilaiti imetuletea sura ya bakuli. Kilichomo ndani ya bakuli bado kinahitaji mtu wa kusoma nguzo ya kupimia kila asubuhi.

Katika bonde lisilo na njia ya kutokea, tena, kila kinachoingia hubaki. Chumvi hubaki, magadi hubaki, na floridi inayotoka kwenye miamba hubaki pia; ndiyo maana visima katika sehemu mbalimbali za Singida na mikoa jirani huonja chumvi au hutia rangi ya kahawia kwenye meno ya watoto. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ramani ya mteremko wa juu ya ardhi haielezi lolote kuhusu hilo, kwani maji ya chini yana njia zake. Anayechagua mahali pa kuchimba kisima kwa kuangalia tu mikondo iliyochorwa na kompyuta anaweza kupata maji mengi yasiyonyweka.

Je, hali hiyo ina dawa? Mfano upo hapahapa nchini, na ulianzia katika mitaa inayofurika ya Dar es Salaam. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa kata kama Tandale kupita mtaa kwa mtaa, wakiandika mifereji, makalavati na nyumba, na kuwauliza wenyeji maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Setilaiti haiwezi kuliona kalavati lililoziba kwa takataka. Mama anayeuza maandazi karibu nalo anaweza. Taarifa hizo zikaingizwa katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo kila mtu anaweza kuifungua. Zanzibar nayo, kuanzia mwaka 2016, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani kuipiga picha Unguja na Pemba, kazi iliyosimamiwa na Kamisheni ya Ardhi kwa kushirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Ni kweli kwamba Tandale si Sepuka. Kata ya mjini inaweza kutembelewa kwa wiki chache, na kisiwa kinaweza kupigwa picha chote. Wembere ni kubwa, barabara zake hukatika masika, na wafadhili hupenda miji kwa kuwa mafuriko ya mjini huonekana kwenye televisheni. Lakini si lazima kupima bonde zima. Panapohitaji mguu wa mtu ni pachache: mgongo unaogawa maji ya Wembere na ya mabonde jirani, midomo ya makorongo yanayoshuka kutoka Sepuka, mabwawa ya mifugo, na alama za juu kabisa maji yalipofika katika miaka ambayo kila mzee anaikumbuka, ukiwamo msimu wa El Nino wa 1997 na 1998. Sheria imekwishaweka Jumuiya za Watumia Maji na kamati za vidakio. Vyombo hivyo vikipewa simu yenye kipimo cha mahali na mafunzo ya siku chache, vinaweza kusahihisha kile ambacho kompyuta imekosea, na vikatia saini.

Linaloweza kukwamisha zaidi ni mgawanyo wa kazi. Bodi ya bonde inasimamia maji yakiwa mtoni. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza mwaka 2019, unayasambaza vijijini kwa kufuata wilaya. Mipango ya matumizi ya ardhi ni ya kijiji na halmashauri, na Ikungi yenyewe ni wilaya changa, iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Kila mmoja ana sababu ya kuwa na ramani yake, na mistari ya ramani hizo haikutani. Linalostaajabisha ni kwamba watu wenyewe wamekwisha kuorodheshwa vizuri kuliko mito yao: katika Sensa ya Agosti 2022 makarani walipita na vishikwambi kaya kwa kaya, na Singida ikahesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2. Nchi iliyoweza kuifikia kila nyumba haiwezi kudai kwamba imeshindwa kuyafikia makorongo yaliyo nyuma ya nyumba hizo.

Vifaa, kwa upande mwingine, si kisingizio tena. Tangu mwaka 2014 setilaiti za Ulaya za Sentinel-1 hupita juu ya Wembere kila baada ya siku kadhaa zikiwa na rada inayoona hata mawingu yakiwa yametanda, jambo ambalo kamera za kawaida haziwezi kulifanya wakati wa masika. Picha zake hazilipiwi. Ya Machi na ya Septemba zikiwekwa sambamba, zinaonyesha Wembere mbili tofauti. Ile itakayochaguliwa na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji ndiyo itakayomwambia mkulima wa mpunga kama analima shambani kwake au katikati ya mto.